Kijana wangu amekwama Double-A, baba yake anataka arudi chuoni

Ndugu Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Nakuru, na nimeishi Texas zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Nakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu mwenye miaka 24, ambaye anacheza besiboli ya kulipwa. Nikisema ya kulipwa usidhani ni ile ya kwenye televisheni. Yuko ligi ndogo, daraja la Double-A, katika mji mdogo wa kaskazini mashariki ambao hata kuutamka kunanishinda.

Klabu ilimchukua mwaka 2023, raundi ya 12 ya uteuzi wa wachezaji wapya, alipokuwa amemaliza mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Ulibaki mwaka mmoja apate digrii. Baba yake alinuna karibu msimu mzima, lakini kijana alisema nafasi ya namna hii haimngoji mtu, na mimi nikasimama upande wake. Watu wa kanisani walikuja nyumbani, tukaomba, tukala mbuzi. Tangu hapo kila Jumapili naulizwa, "Mama K, kijana tutamwona lini kwa TV?" Mwanzoni nilifurahia kuulizwa. Siku hizi natoka kabla ya matangazo.

Shida ni hii. Madaraja ya chini aliyapanda haraka, halafu katikati ya mwaka jana akafika Double-A na hapo ndipo aliposimama. Anacheza ile nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu, na kila mtu anasifu mikono yake. Kupiga ndiko kunakomsumbua. Wastani wake mwaka huu ni .247, nami sijui kama huo ni mzuri au mbaya. Nikimuuliza anasema "ni sawa tu" kwa sauti ambayo mama anaijua. Mwezi wa Mei aliletwa kijana wa miaka 20 kutoka Venezuela, akacheza wiki chache, akapandishwa Triple-A. Usiku ule mwanangu alinipigia nikiwa kazini. Hakulia. Alinyamaza, nikanyamaza naye, kisha akaniuliza maharagwe ya nazi yanapikwaje.

Baba yake ameshaamua. Anasema miaka mitatu inatosha, mshika mbili moja humponyoka, arudi amalize digrii kabla hajawa mzee darasani. Vijana aliosoma nao wana kazi, wengine wameshanunua nyumba. Nyumbani Kenya nako wanadhani mtoto ni milionea. Shemeji yangu alinitumia picha ya ankara ya karo ya watoto wawili, akaandika chini yake, "Mpelekee mchezaji."

Halafu kuna hili la karatasi. Kijana amefuatwa na kampuni inayowapa wachezaji pesa. Watampa dola 60,000 sasa hivi, na akifika ligi kuu atawalipa asilimia 4 ya mapato yake yote ya besiboli. Asipofika, hadaiwi kitu. Yeye anataka kutia sahihi ili amlipe mwalimu wa kupiga wakati wa baridi na aache kuishi kwa kubana matumizi. Baba yake anasema ni utapeli. Mimi najua kupika, kuomba na kubadilisha shuka za wagonjwa. Mikataba siijui.

Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua besiboli. Kuna matumaini, au tunajidanganya? Nimwambie aache? Na hiyo karatasi aitie sahihi?

Mama K, Texas

*

Mama K, asiache mwaka huu, na karatasi asiiguse kabla ya katikati ya Novemba. Nimeanza na majibu kwa sababu najua unasoma haya ukitoka zamu. Sababu zake ni ndefu kidogo, lakini zisome, maana ukimpelekea kijana majibu matupu ataona umetumwa na baba yake.

Klabu za ligi kuu ni 30. Kila moja ina timu nne chini yake, kuanzia Single-A, High-A, Double-A hadi Triple-A, na hivyo timu za ligi ndogo zenye msimu mzima ni 120. Chini ya hizo kuna timu za mafunzo Florida na Arizona, na nyingine Jamhuri ya Dominika. Wote hao, mamia kwa mamia, wanatazama nafasi 26 za timu ya juu ya klabu yao. Hesabu hiyo peke yake inakwambia kwamba walio wengi hawafiki. Sitakuficha hilo, na mwanao analijua kuliko mimi na wewe.

Jambo ambalo watu wengi wa nje hawalijui ni kwamba kati ya hao mamia na wale 26 kuna orodha ya watu 40. Mchezaji hawezi kupanda ligi kuu, hata kwa siku moja, bila jina lake kuwa kwenye orodha hiyo. Na orodha hujaa. Ni matatu iliyojaa abiria: hata kama unayo nauli, utasubiri ashuke mmoja. Kwa hiyo kijana anaweza kupiga vizuri mwezi mzima na asipandishwe, si kwa sababu hawamwoni, bali kwa sababu kumpandisha maana yake ni kumfuta mtu mwingine ambaye klabu haitaki kumpoteza. Anaweza pia kuwa wa kawaida tu, mtu akaumia goti huko juu, akaandikwa kwenye orodha ya majeruhi wa siku 60, nafasi ikafunguka, na simu ikalia saa tano usiku.

Sasa tumtazame yule kijana wa Venezuela, maana nadhani ndiye aliyewaumiza zaidi. Wachezaji wa kutoka huko husajiliwa wakiwa na miaka 16 au 17. Kuna sheria inaitwa Kanuni ya 5. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini, klabu ina misimu mitano ya kumficha. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi, kama mwanao, ni misimu minne. Misimu hiyo ikiisha, ni ama klabu imwandike kwenye orodha ya 40, ama klabu nyingine yoyote iruhusiwe kumchukua kwenye uteuzi wa Desemba. Huyo wa miaka 20, kama alisajiliwa 2022 kama wengi wa umri wake, saa yake inagonga mwishoni mwa mwaka huu. Klabu inamkimbiza juu ili imwone mbele ya warushaji wakubwa, wale wanaomrushia mpigaji mpira, kabla ya kuamua. Kumpandisha yeye si kumhukumu mwanao.

Tena kuna suala la pesa ambalo wachezaji hawapendi kulisema hadharani. Aliyepewa mamilioni wakati wa kusajiliwa husubiriwa na klabu hata akivurunda misimu miwili, kwa sababu aliyemsajili hataki kuonekana alitupa fedha. Kijana wa raundi ya 12 hana bima hiyo. Siku hizi raundi ni 20 tu, kwa hiyo 12 si aibu hata kidogo, lakini haimnunulii subira ya mtu. Yeye hupanda kwa kuwa na manufaa.

Na manufaa anayo, Mama K. Ndiyo maana nasema asiache. Katika wale 26, warushaji hawazidi 13. Wanabaki 13 wengine. Tisa wanaanza mechi, wanabaki wanne kwenye benchi, na mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Nafasi halisi ni tatu. Kila meneja anataka mmoja wa hao watatu awe mtu anayeweza kusimama kati ya besi ya pili na ya tatu bila kumtia wasiwasi, kisha kesho yake asimame besi ya pili, keshokutwa besi ya tatu. Wapigaji wakubwa wasioweza kudaka wako wengi, wamejaa Triple-A. Wenye mikono ya kusifiwa na kila mtu ni wachache. Kama mwanao hajaanza kufanya mazoezi ya besi ya pili, ya tatu na hata uwanja wa nje, aombe kuanza wiki hii. Mchezaji wa nafasi moja akiwa na .247 atasubiri. Wa nafasi nne mwenye .247 ana hoja.

Kuhusu hiyo .247, usiitazame sana. Maana yake ni kwamba katika kila majaribio kumi anafaulu kama mara mbili na nusu. Ni ya wastani, si ya kutisha. Muulize badala yake ni mara ngapi anakosa mpira mara tatu na kutolewa, na ni mara ngapi anapewa besi bure kwa kutoshawishika na mipira mibovu. Namba ya kwanza ikipungua mwezi hadi mwezi na ya pili ikipanda, anajifunza warushaji wa daraja hilo. Zikikaa palepale tangu mwaka jana, hapo ana tatizo ambalo mikono haitalifunika milele. Double-A ndipo wapigaji wengi hugundulika, kwa sababu hapo warushaji wanaanza kuweka mpira wa kupinda wanapotaka wao. Michael Jordan alipoacha mpira wa kikapu akaenda kucheza besiboli mwaka 1994, alipelekwa Double-A, kule Birmingham, Alabama. Mtu aliyekuwa ametwaa ubingwa wa NBA mara tatu mfululizo alimaliza msimu na wastani wa .202. Mweleze hilo mume wako akisema kijana anacheza na watoto.

Umri wake pia haunitishi. Miaka 24 katika Double-A ni umri wa kawaida kwa aliyepitia chuo. Angekuwa na 27 ningeandika barua nyingine. Wala Double-A haiko mbali na juu kama jina linavyodanganya. Triple-A imejaa watu wa akiba, wengi wao walishaonja ligi kuu wakashushwa, na klabu nyingi humvuta kijana moja kwa moja kutoka Double-A ikimhitaji.

Chukua mfano wa Drew Maggi, aliyechukuliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2010. Akazunguka ligi ndogo misimu 13, klabu baada ya klabu, zaidi ya mechi 1,100. Aprili 2023, akiwa na miaka 33, alikuwa amerudi kwa walewale Pirates, katika timu yao ya Double-A pale Altoona, walipomwita. Aliposimama kupiga kwa mara ya kwanza tarehe 26, uwanja mzima uliinuka ukiliita jina lake. Alikosa, akatolewa. Baada ya muda mfupi alirudishwa chini. Na tarehe hiyohiyo ya Aprili, miaka sita nyuma, klabu hiyohiyo, uwanja huohuo, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Utoto wake aliishi na mama yake katika chumba cha jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama alikuwa mfanyakazi. Pirates walimsajili 2008, akapanda 2017. Mpira wa kwanza aliofaulu kuupiga ulikuwa wa Jon Lester, mrushaji aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa na Chicago Cubs. Nafasi ya Ngoepe ni ileile ya mwanao, sifa yake ni ileile, mikono, na udhaifu wake ni uleule. Kudaka kwake kulimfikisha juu, kupiga kwake kukamrudisha: mechi zake zote za ligi kuu hazifiki hamsini.

Simleti Ngoepe ili kukutia moyo tu. Namleta ili ujue "kufika" kunaonekanaje kwa mchezaji wa aina hii. Kanisani wanapouliza "lini," wanafikiria mtu akishapanda amepanda. Sivyo. Mchezaji aliye kwenye orodha ya 40 anaweza kupandishwa na kushushwa katika misimu mitatu tofauti, hadi mara tano ndani ya msimu mmoja. Siku utakayoambiwa amepanda, furahini, lakini msikodi basi la kwenda uwanjani wiki ijayo.

Hata hivyo zile siku chache si za kudharau. Makubaliano ya 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kujiunga na chama cha wafanyakazi cha wenzao wa ligi kuu, yalipandisha mshahara wa chini wa Double-A kutoka dola 13,800 hadi 30,250 kwa mwaka, na malazi ni juu ya klabu. Ndiyo maana mwanao anabana matumizi lakini halali kwenye gari. Ligi kuu, mshahara wa chini mwaka 2026 ni dola 780,000 kwa msimu, na hulipwa kwa siku: zaidi ya dola 4,000 kila siku anayokuwa juu. Siku kumi tu zinazidi hicho kima cha mwaka mzima cha Double-A. Akifikisha siku 43, ana haki ya pensheni ya ligi kuu. Kwa hiyo anayekaa juu miezi miwili kisha akashuka asirudi tena hakushindwa. Kuna watu hapo Texas hawana pensheni ya aina hiyo baada ya kufanya kazi maisha yao yote, na unawajua kwa majina kwa sababu ndio unaowatunza.

Sasa Novemba. Mwanao alisajiliwa 2023 akiwa na miaka 21, kwa hiyo misimu yake minne inatimia mwaka huu. Katikati ya Novemba klabu itaamua: imwandike kwenye orodha ya 40, au imwache wazi. Hiyo ndiyo tarehe ya kuwekwa kwenye kalenda ya jikoni. Akiandikwa, mjadala wa kuacha umekwisha. Asipoandikwa, klabu nyingine inaweza kumteua Desemba kwa kulipa dola 100,000, lakini inalazimika kumweka kwenye timu ya 26 msimu mzima, la sivyo imrudishie mwenyewe. Ni wachache wanaoteuliwa hivyo kila mwaka. Roberto Clemente, mmoja wa magwiji wa mchezo huu, alipatikana kwa njia hiyo mwaka 1954, Pirates walipomnyakua kutoka kwa Dodgers. Lakini usimpikie Clemente, pika chakula cha siku za kawaida: kijana wa namna yake asipoandikwa na asipoteuliwa, maana yake klabu zote 30 zimetazama na kusema "bado."

"Bado" si "hapana," ila hapo ndipo nyinyi watatu mkae chini. Kama amebaki Double-A, hajaandikwa, na zile namba mbili nilizokutajia hazijasogea, basi msimu wa 2027 uwe wa mwisho wa kupima, na aamue yeye akiwa na macho wazi. Kwa waliosajiliwa kabla ya 2024, klabu hushikilia haki ya mchezaji kwa misimu saba, hivyo kungoja awe huru aende kwingine ni safari ndefu mno kwa mtu wa .247.

Kuna wingu moja mwaka huu. Mkataba kati ya klabu za ligi kuu na wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Ulipoisha ule wa 2021, wenye klabu walifunga milango kwa siku 99, na uteuzi wa Kanuni ya 5 kwa upande wa ligi kuu ukafutwa. Walioathirika zaidi walikuwa wale wa kwenye orodha ya 40: hawakuruhusiwa hata kutumia ukumbi wa mazoezi wa klabu, huku wa ligi ndogo wakiendelea kama kawaida. Likitokea tena, msishangae Desemba ikawa kimya, na kimya hicho kisihesabiwe dhidi ya kijana.

Tuje kwenye karatasi. Mume wako amekosea kuita utapeli, na kijana amekosea kuona ni msaada. Ni biashara halali ya kubahatisha, na wanaobahatisha ni wao, wakiwa na wachambuzi wa namba. Piga hesabu hivi: asilimia 4 ya 780,000 ni dola 31,200. Misimu miwili kamili ya ligi kuu kwa mshahara wa chini kabisa, wameshapata 62,400, yaani pesa yao imerudi. Kuanzia hapo kila senti ni faida, na mshahara huanza kupanda kweli baada ya mchezaji kutimiza miaka mitatu juu. Asilimia hiyo hukatwa kwenye jumla, kabla ya kodi na kabla ya wakala kuchukua chake, kwa hiyo mfukoni inauma kuliko inavyosikika. Akiishia Double-A, basi amepata dola 60,000 ambazo hatazirudisha, na huo ni ukweli pia.

Fernando Tatis Jr. alitia sahihi ya aina hiyo akiwa kijana wa ligi ndogo. Alipata dola milioni 2, akaahidi asilimia 10. Mwaka 2021 San Diego Padres walimpa mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Asilimia kumi ya hapo ni milioni 34. Mwaka 2025 alikwenda mahakamani kuupinga mkataba ule wa zamani.

Mwanao huenda asiwe Tatis, na mimi simwekei dau hilo. Sababu yangu ya kusema asubiri ni Novemba tena. Kama kampuni inamtaka sasa, imeona kitu. Na akiandikwa kwenye orodha ya 40 thamani yake inapanda usiku mmoja, mshahara wake unapanda hata akibaki ligi ndogo, na haja ya hiyo 60,000 inapungua. Asipoandikwa na ofa ikabaki mezani, hapo nitaelewa akiichukua, mradi mwanasheria asiye wa kampuni ameisoma. Yeye ni mwanachama wa chama cha wachezaji na analipa ada. Awapigie simu awaulize, ndiyo kazi yao. Kampuni ikimwambia ofa inaisha Ijumaa, iacheni iishe Ijumaa.

Baba yake ana hoja moja nzito, nayo ni digrii. Lakini je, mmewahi kuusoma mkataba aliotia sahihi 2023? Wachezaji wengi wanaochukuliwa kabla ya kumaliza chuo huwekewa kipengele cha masomo: klabu iliahidi kulipia mihula iliyobaki, kwa kiwango kilichoandikwa humo, na fedha hizo humngoja hadi aache mpira. Sharti kubwa ni kwamba aanze masomo ndani ya miaka miwili baada ya kuacha. Kama kipengele hicho kipo, digrii haimtoroki. Akicheza hadi 2027 bado atalipiwa. Na kama hakipo, kuna vyuo vingi vya kusomea mtandaoni. Kati ya Oktoba na Februari anaweza kumaliza kozi moja au mbili. Mtafute wakala wake aitume nakala, muisome na mzee meza moja. Nadhani nusu ya ugomvi wenu imekaa kwenye karatasi hiyo ambayo hakuna aliyeifungua.

Kwa shemeji, mtumie mshahara wa Double-A kama ulivyo, na ukato wa kodi chini yake. Asijibiwe na kijana, ajibiwe na wewe au na mume wako. Mchezaji wa ligi ndogo anayelipa karo za ukoo ndiye hasa anayetia sahihi karatasi za asilimia.

Na akikupigia usiku, usimuulize atapanda lini. Hajui, na kocha wake hajui. Muulize leo amesimama nafasi gani uwanjani. Akijibu "besi ya pili," au "nje kushoto," mambo yanakwenda vizuri kuliko wastani wake unavyosema. Lingine la kumwambia ni kuhusu mwalimu wa kupiga wa wakati wa baridi: hahitaji dola 60,000 kumpata. Klabu ina wake, na mchezaji anaweza kuomba kufanya mazoezi kwenye kituo cha klabu kabla ya kambi ya machipuko. Aombe mapema, mwezi wa Septemba, kabla nafasi hazijajaa.